Akiba Iliyooza: Mkanda wa Vita vya Kagera na Fedha Zetu

Shuleni tulifundishwa kwamba akiba haiozi, nasi tukaiandika methali hiyo kwenye madaftari bila kuuliza ni akiba ya namna gani iliyokusudiwa. Aliyeitunga, nadhani, alikuwa akifikiria kihenge cha mtama na wala si kitabu cha benki. Mtu aliyeweka shilingi 1,000 benki mwanzoni mwa miaka ya 1980 nchini Tanzania, wakati bei zilipokuwa zikipanda kwa robo na miaka mingine kwa theluthi, aliiona akiba yake ikioza huku akiitazama. Tukichukua kwamba bei zilipanda kwa asilimia 30 kila mwaka, basi baada ya miaka mitatu noti zilezile zingenunua vitu ambavyo mwanzoni vilikuwa vya shilingi 455 hivi, na riba ya benki, ambayo haikufika hata nusu ya kasi ya bei, isingeweza kuziba pengo hilo. Na hapo bado hatujauliza kama vitu vyenyewe vilikuwepo dukani.

Nalikumbusha jambo hili kwa sababu ya mazoea niliyoyaona katika mijadala yetu kuhusu fedha za watu wa kawaida. Mtanzania anayenunua mabati kabla hata ya kupata kiwanja, au anayekimbilia kununua tofali kila apatapo fedha kidogo, huelezwa kana kwamba hajui hesabu, na wataalamu humshauri aende kujifunza nidhamu ya kuweka akiba. Rai yangu ni tofauti. Tabia hiyo ni akiba, tena akiba ya watu waliofunzwa na mwalimu mkali, nayo kwa sehemu kubwa ilijengwa katika miaka iliyofuata vita vya Kagera, pale taifa zima lilipoambiwa lifunge mkanda. Kwa kawaida hudhaniwa kwamba kubana matumizi wakati wa vita huwafanya watu waithamini fedha. Hapa kwetu iliwafunza kuthamini vitu na watu, na kuitilia shaka noti inayokaa bure.

Historia yenyewe inajulikana, nami nitaipitia upesi. Majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, na tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere akalitangazia taifa kwamba uwezo wa kumpiga upo, sababu ipo na nia ipo. Wananchi walichanga fedha, ng'ombe na chakula, na magari ya mashirika na ya watu binafsi yakaingia katika kazi ya jeshi. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Gharama ya vita imekuwa ikikadiriwa kuwa kiasi cha dola milioni 500, mzigo mkubwa mno kwa nchi iliyotegemea kahawa, pamba na katani kupata fedha za kigeni. Baada ya ushindi Mwalimu aliwaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18 ili uchumi upate kupumua.

Ni kweli, na lazima isemwe, kwamba si vita pekee vilivyoleta uhaba. Mafuta yalikwishapanda bei mwaka 1973 na yakapanda tena mwaka 1979. Ukame wa 1973 na 1974 ulitulazimisha kuagiza nafaka kwa wingi. Watu walihamishiwa vijijini kwa haraka iliyovuruga mashamba. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikufa mwaka 1977 na mpaka wa Kenya ukafungwa. Na bei nzuri ya kahawa iliyoletwa na baridi kali ya Brazil haikudumu. Mwanauchumi anayetaka kugawa lawama ana mengi ya kuhesabu. Hata hivyo, mwananchi hakuuishi uhaba kwa asilimia za lawama. Vita vilimpa uhaba jina, vikampa sababu ya heshima ya kuuvumilia, na juu ya yote vikampa tarehe ya mwisho. Dhiki isiyo na tarehe humfanya mtu azoee, lakini dhiki iliyopewa miezi 18, kisha miezi hiyo ikapita na foleni zikazidi kurefuka, humfunza jambo lingine kabisa kuhusu ahadi, na noti ya benki kuu, ukiiangalia vizuri, nayo ni ahadi tu.

Tuiangalie foleni yenyewe, kwa sababu humo ndimo fedha ilimopoteza heshima yake. Tume ya Bei, iliyoanzishwa mwaka 1973, ilipanga bei halali za maelfu ya bidhaa, kuanzia sukari hadi mche wa sabuni. Bidhaa zilitoka viwandani au bandarini zikapitia kampuni za biashara za mikoa, zile tulizoziita RTC, zikafika maduka ya ushirika na ya kaya, na huko balozi wa nyumba kumi alijua kila nyumba ina watu wangapi. Kwa mpango wa kwenye karatasi kila kaya ingepata mgao wake kwa bei ya haki. Kwa hali halisi kadi ya mgao ilikupa haki ya kupanga foleni na haikukuhakikishia sukari. Watu walifika alfajiri wakaacha jiwe, tofali au ndoo yenye alama ishike nafasi, wakaenda zao kazini, na wakirudi mchana wanakuta jiwe limesogea hatua kumi na duka limefungwa.

Hivyo kila kitu kikawa na bei mbili. Ilikuwepo bei ya serikali, ambayo mshahara ungeweza kuimudu lakini kitu hakikuwepo, na ilikuwepo bei ya ulanguzi, ambako kitu kilikuwepo lakini mshahara haukufika. Kati ya bei hizo mbili alisimama mtu: mwenye jamaa RTC, mwenye shemeji ghalani, mwenye rafiki dereva wa lori la njia ya Namanga au Holili, mpakani mwa Kenya. Aliyekuwa na fedha bila mtu alirudi na fedha zake nyumbani. Aliyekuwa na mtu, hata kama mfuko ulikuwa mwepesi, alipata kilo mbili za sukari kwa bei halali na kesho yake akamfaa mwingine kwa kibiriti, mafuta ya taa au betri za redio. Azimio la Arusha lilikuwa limetangaza mwaka 1967 kwamba fedha si msingi wa maendeleo, na kwamba msingi ni watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Miaka kumi na tatu baadaye foleni iliithibitisha nusu ya kauli hiyo kwa namna ambayo waandishi wake hawakuitarajia.

Kutokana na hayo yalizaliwa mazoea mawili yaliyoshika mizizi. La kwanza ni kugeuza fedha kuwa kitu upesi iwezekanavyo, hata kama kitu hicho hukihitaji leo. Kama duka la kaya limeleta sahani, nunua sahani. Kama zimekuja doti za khanga, chukua doti mbili, moja ya kuvaa na moja ya sandukuni. Uvungu wa kitanda cha mama ulikuwa ghala: sabuni zilizokaushwa ili zisiishe upesi, chumvi, shuka zisizokunjuliwa, na nyumba nyingine mabati matano yakisubiri nyumba ambayo haikuwa na hata msingi. Vitu hivyo havikuwa urembo. Sabuni ingeweza kubadilishwa kwa unga, khanga ingeweza kupelekwa msibani au harusini na kulipa deni la heshima, na bati lililonunuliwa kwa kibali mwaka 1981 lilikuwa na thamani kubwa zaidi mwaka 1984 bila mwenyewe kufanya lolote. Benki haikuwa na huduma ya kushindana na hiyo.

Hata benki yenyewe ilikuwa mbali na maisha ya mtu wa kawaida. Benki ya Taifa ya Biashara, iliyoundwa baada ya utaifishaji wa 1967, ndiyo iliyokuwa karibu benki pekee ya biashara Bara, na mikopo yake mingi ilikwenda kwa mashirika ya umma na mamlaka za mazao. Mshonaji wa Manzese au mvuvi wa Kilwa angeweza kuweka fedha humo, lakini kukopeshwa lilikuwa jambo jingine. Kwa hiyo zoea la pili lilikuwa kuitegemea akiba inayokaa mikononi mwa watu, yaani upatu, au mchezo kama wengi wanavyouita. Wanawake kumi wakichanga kila wiki na mmoja akapokea chote, fedha hailali hata usiku mmoja. Inaingia na kutoka siku hiyohiyo, ikiwa bado mbichi. Katika nchi ambako noti inaoza, upatu ni teknolojia ya hali ya juu, nami sijaona ikipewa sifa hiyo na wale wanaouita utamaduni wa kizamani.

Lakini picha hii ingekuwa nyepesi mno kama ningesema kila mahali watu waliamini vitu. Kagera kwenyewe somo lilikuwa chungu zaidi. Wavamizi waliswaga ng'ombe wakawavusha mpaka, wakapora majumba, kiwanda cha sukari kikaharibiwa na daraja la Kyaka likalipuliwa. Waliorudi baada ya kukimbia waligundua kwamba mali inayoonekana ndiyo ya kwanza kuchukuliwa. Kwao ng'ombe hakuwa akiba salama kuliko noti. Kilichobaki kilikuwa ardhi, kibanja chenye migomba, ambacho jeshi haliwezi kukiswaga. Mtu akishangaa kwa nini ardhi hupewa uzito wa kipekee katika mirathi na akiba za watu wa huko, mila ni sababu mojawapo, lakini kumbukumbu ya 1978 nayo ina sehemu yake.

Kisha ukafika mwaka 1983. Edward Sokoine alikuwa amerudi katika uwaziri mkuu mwezi Februari, na kuanzia Machi serikali ikaanzisha msako wa wahujumu uchumi. Zaidi ya watu elfu moja walikamatwa, na sheria maalumu ikapitishwa kushughulikia kesi zao nje ya mahakama za kawaida. Wananchi wengi waliushangilia msako huo, na sina sababu ya kuwabeza: mtu aliyekaa foleni tangu alfajiri ana haki ya kufurahi anapoona magunia ya sukari yakitolewa katika ghala la mlanguzi. Sokoine alipofariki katika ajali ya gari tarehe 12 Aprili 1984 machozi yaliyomwagwa yalikuwa ya kweli. Lakini msako ulikuwa na athari ya pili katika nyumba zisizohusika. Kama kumiliki katoni za sabuni au fungu la noti kunaweza kuwa ushahidi wa hujuma, basi hata mwenye vichache ataficha. Wapo waliotupa bidhaa baharini na porini usiku kwa hofu ya kupekuliwa. Mtoto aliyetumwa dukani alionywa asiseme nyumbani kuna nini.

Naamini usiri wetu wa fedha umekomaa hapo. Si kwamba kabla ya hapo watu walitangaza mali zao. Hofu ya husuda na uchawi ni ya zamani kuliko serikali yoyote. Lakini kuficha kwa kuogopa jirani ni tofauti na kuficha kwa kuogopa kuitwa adui wa taifa. Hadi leo mtu mwenye hali nzuri akiulizwa mambo yanaendaje hujibu kwamba tunabangaiza, na mume na mke huweza kuishi miaka ishirini bila mmoja kujua mwenzake ana kiasi gani.

Hilo la mume na mke linastahili kukaliwa kidogo, kwa sababu mabadiliko makubwa kuliko yote yalitokea humo ndani. Kabla ya vita, katika familia za mjini, mshahara wa baba ndio uliokuwa nguzo. Kufikia miaka ya mwanzo ya 1980 mshahara huo uliisha kabla mwezi haujafika katikati, na kilichoijaza nafasi yake kilikuwa miradi: maandazi na vitumbua vya asubuhi, barafu za kuuza shuleni, ushonaji, kuku uani, na kwa wakubwa wenye nyumba za serikali ng'ombe wa maziwa katika bustani za Oysterbay. Sehemu kubwa ya miradi ya walalahoi iliendeshwa na wanawake. Fedha ya mshahara iliingia mara moja kwa mwezi ikiwa kubwa na dhaifu, fedha ya maandazi iliingia kila siku ikiwa ndogo na ya uhakika, na familia ikajifunza ipi ya kutegemea.

Ajira haikuachwa, lakini maana yake iligeuka. Watu walibaki ofisini kwa sababu ofisi ilikuwa na simu, gari, karatasi ya kibali na jina la kutajwa kwa mwenye ghala. Mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake, watu wakaanza kusema, mwanzoni kwa utani. Miiko ya uongozi iliwakataza viongozi kuwa na mishahara miwili au nyumba za kupangisha, ilhali maisha yalimdai kila mtu awe na vipato vitatu. Kati ya sheria hiyo na mahitaji hayo ulizaliwa unafiki mpole ambao kila mmoja aliuelewa na hakuna aliyeutaja. Miiko ilikuja kulegezwa kwa Azimio la Zanzibar mwaka 1991, wakati ambapo wachache sana walikuwa bado wanaifuata.

Mtu anaweza kupinga kwamba uhaba wa vita umeyapata mataifa mengi bila kuzaa tabia kama hizi, na Uingereza ni mfano wa karibu. Mgao ulianza huko Januari 1940 kwa siagi, sukari na nyama ya nguruwe, ukamalizika Julai 1954, miaka tisa baada ya vita. Wananchi walihimizwa kununua hati za akiba za serikali, na kuanzia 1941 sehemu ya kodi yao ilichukuliwa kama mkopo wa lazima uliokuja kurudishwa kidogo kidogo kwa miongo. Lakini tofauti yetu na wao haiko katika ukali wa dhiki. Kitabu cha mgao cha Mwingereza kwa kawaida kilimpatia mgao wake, ukiwa mdogo lakini upo, na kwa hiyo fedha iliyobaki mfukoni haikuwa na pa kwenda ila kwenye akiba. Kwetu mgao wenyewe haukuwa na hakika, na fedha iliyobaki ilikuwa na pa kwenda kila wakati: kwa mlanguzi.

Mkanda ulilegezwa bila kutangazwa. Mwaka 1983 magari binafsi ya abiria yaliruhusiwa Dar es Salaam, na nauli yake ya shilingi tano, sarafu iliyoitwa dala, ikayapa jina ambalo halijabadilika hata baada ya sarafu yenyewe kutoweka. Mwezi Novemba mwaka huohuo mpaka wa Kenya ukafunguliwa. Bajeti ya 1984 iliruhusu watu waagize bidhaa kwa fedha za kigeni walizonazo bila kuulizwa wamezipata wapi, na ghafla wale waliokuwa wameambiwa kwamba fedha za siri ni hujuma wakaambiwa wazilete. Zikaja khanga, vitenge, pikapu na mitumba. Nadhani hatujawahi kuipima vizuri athari ya kubadilika kwa msimamo huo katika muda wa miezi 15 tu. Aliyetii mwaka 1983, akapeleka fedha zake benki na kuuza ziada yake kwa bei halali, aliambulia hasara. Aliyeficha alifungua duka.

Kilichofuata kilimalizia kazi. Dola iliyokuwa ikibadilishwa rasmi kwa shilingi nane hivi mwanzoni mwa muongo ilivuka shilingi 50 mwishoni mwa 1986, baada ya serikali ya Rais Mwinyi kukubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa. Wanauchumi wengi wanaona marekebisho hayo hayakukwepeka, nami siwapingi, kwa kuwa thamani ile ya zamani ilikuwa ya kwenye makaratasi. Kwa mstaafu mwenye kitabu cha akiba, hata hivyo, maelezo hayo hayakurudisha kitu. Jirani yake aliyekuwa na mabati uvunguni hakuhitaji maelezo.

Leo mazingira hayo hayapo. Tangu 2018 mfumuko wa bei Tanzania umekaa chini ya asilimia 5 kwa mwaka, na kwa kasi ya asilimia 4 shilingi 1,000 za leo baada ya miaka mitatu bado zinanunua vitu vya shilingi 889 hivi. Weka riba ndogo juu yake na akiba haiozi kweli. Ukishika njia ya kutoka Dar es Salaam kwenda Bagamoyo au Kibaha, hata hivyo, utaziona nyumba zilizosimama kwenye linta miaka sita, nondo zikichungulia juu, majani yakiota sebuleni. Hiyo ni mitaji iliyolala. Zimo humo fedha ambazo zingeweza kuongeza cherehani tatu dukani au kumalizia ada ya chuo, na wapo waliotumbukiza akiba ya miaka kumi katika kiwanja kilichouzwa kwa watu wawili. Zoea lililowaokoa wazazi wetu linawagharimu watoto wao, na wengi wa watoto hao hawakuwahi kuliona duka la kaya.

Wanawake wa vikundi vya VICOBA, yaani benki ndogo za kijamii za kuweka na kukopa, huvunja mwaka wao wa akiba mwezi Desemba, hisa zikahesabiwa mezani mbele ya wote na kila mmoja akapewa chake. Wengi hawafiki nyumbani na fedha hizo. Hupitia kwanza duka la vifaa vya ujenzi, wakalipia saruji au mabati na kuacha mzigo hukohuko hadi watakapouhitaji. Ukiwauliza sababu hawataji benki, wala vita, wala bei kupanda. Wanasema, "Nisije nikaila." Mama zao waliogopa kwamba fedha itaoza ikikaa. Wao wanaogopa kwamba wataila wenyewe, na wanaikimbiza kwenye saruji ileile.